Mkanda wa Hugo

Mzee Musau alirudi nyumbani Gatwekera jioni ya mvua, viatu vikiwa safi. Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Hata mwenye macho yake mawili hafiki mlango ule bila matope hadi magotini, sembuse fundi wa viatu ambaye macho yamemwishia, na fimbo ameiacha kazini.

"Nani amekuleta, baba?" Kasiva, bintiye, aliuliza.

"Nimejileta. Mkoba ulikuwa unanivuta tu."

Kasiva hakuwa na nguvu ya kubishana. Alikuwa amefua nguo za watu tangu asubuhi na mgongo ulikuwa unamuuma. Zamani kidogo alifanya kazi kwenye meli kubwa ya abiria, akitunza mbwa wa wasafiri. Mbwa wote walifungiwa vibandani, isipokuwa Hugo, aliyekuwa akimwongoza mama mmoja kipofu na kulala naye chumbani. Hugo akiwa na mkanda mgongoni, ule wa ngozi wenye mshikio mgumu wa kushikwa na kipofu, yuko kazini, usimguse. Mpaka avuliwe na aambiwe kazi imeisha, ndio anaenda kucheza kama mbwa wengine.

Mchana mmoja yule mama alitumbukia baharini, asionekane tena. Hugo alisimama pale ukingoni na mkanda wake, akakataa chakula mpaka akafa. Kasiva alimvua mkanda akiwa ameshakufa, na hakuna aliyemwambia kazi imeisha. Akaagizwa autupe mkanda. Autupe? Ngozi nzuri vile? Mtoto wa fundi wa viatu hatupi ngozi, jameni! Akamletea babake, naye Musau akaushona kwenye mkoba wake wa vifaa, akiacha ule mshikio mgumu uwe wa kubebea.

Sasa chumba kikaanza kunuka mbwa aliyelowa, na chumvi. Kasiva akipika, pumzi ya moto inampiga nyuma ya goti. Kucha zinagonga saruji, ta-ta-ta, hadi kitandani kwa mzee, halafu kimya.

Seline, jirani yao, alikuja na mafuta ya maombi akakemea mpaka sauti ikakauka. Chini ya meza kitu kikapiga mwayo.

"Hii ni jini, Kasiva," alinong'ona akirudi nyuma. "Na haisikii Kiswahili. Tupa hiyo mkoba."

"Hakuna kutupa!" Musau akafoka. "Nimekuwa nikipelekwa na kurudishwa kama gunia. Sasa natembea. Mniache nitembee."

Kasiva akamwonea huruma, akamwachia mkoba. Huruma hiyo ilimponza.

Alasiri moja Seline alimwita mbio. "Kasiva! Mzee ako mtoni!"

Akaacha nguo kwenye karai, akakimbia peku kati ya mabati, akiteleza na kuinuka, akiita baba, baba, na watu wakimpisha bila kuuliza, mpaka akauona mto umefura kwa mvua na babake ndani yake, maji kiunoni, akitabasamu, mkono ameunyoosha mbele kwenye mshikio, na mkoba ukielea juu ya maji bila kushikwa na yeyote upande wa pili, ngozi imekazwa kana kwamba inavutwa na kitu chenye nguvu kuliko wao wawili.

Akamdaka kiunoni. Akachomoa kisu cha viatu mkobani, akakata moja moja nyuzi zilizoshikilia mkanda, kisha akapapasa hewani. Akagusa manyoya yaliyolowa.

"Hugo," alisema akilia, kwa Kiingereza kile cha melini. "Kazi imeisha. Umefanya vizuri. Nenda."

Kitu kilijikung'uta, maji yakamrukia usoni. Harufu ya mbwa ikaisha.

Alimtoa mzee mtoni, akimshika mkono wa kulia. Wote wawili walikuwa hoi.

"Ameenda?" Musau aliuliza.

"Ameenda, baba. Pole. Twende nyumbani."

Mzee akapiga hatua moja, akasimama.

"Basi mwambie na huyu mama aniachilie."

"Mama gani?"

"Si huyu tumekuwa tukitembea naye? Siku zote alishika mkoba upande ule mwingine. Nilidhani ni wewe ulimleta." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sasa amekosa wa kumwongoza, amenishika mimi."

Kasiva akatazama. Shati la babake lilikuwa limekunjamana kwenye mkono wa kushoto, pale ambapo vidole vingekaa, na maji yalikuwa yakichuruzika kutoka hapo. Akamvuta kuelekea nyumbani. Ile mikono ya shati ikakazwa pande zote mbili, na mzee akaanza kurudi nyuma, polepole, kuelekea mtoni.