Ofisi Niliyopewa Bure

Jioni hiyo nilitoka dukani kununua utambi wa taa, najiona mtu mzima mwenye ofisi yake. Ulikuwa mwaka wa pili tangu nipunguzwe ukarani bomani. Niliandikia watu barua kwenye kibaraza cha sokoni Tabora, na mvua ikinyesha naloa pamoja na karatasi zangu. Ndipo dada yangu Eustadia akaniita kwao Itetemia.

"Raymundi, banda la majembe la shemeji yako limekaa tu. Litengeneze, likufae."

Shemeji Hilari alikuwa na bega la kulia lililoinama miaka mingi, mkono haushiki hata jembe. Lakini alinisaidia kwa moyo. Tulikandika kuta, tukapaka chokaa, masanduku mawili ya mafuta ya taa yakawa meza. Dada alikata kanga kuukuu akashona pazia. Sharti la shemeji lilikuwa moja: tuzibue mlango wa nyuma uliozibwa kwa udongo, unaotazama njia ya zamani ya misafara.

"Wateja watakuona," alisema.

Rahisi huvunja upishi, bibi alituambia. Sikukumbuka.

Nilikuwa natia utambi kwenye taa niliposikia nyayo.

Taratibu... za mtu aliyechoka.

Harufu ya jasho na ngozi mbichi iliingia kwanza. Kisha kwenye mlango wa nyuma akasimama mwanamume mwenye kaniki kiunoni, mzigo uliofungwa kwa mkeka begani. Uso sikuuona.

"Hodi," alinong'ona. "Nipokee, mwanangu. Nimetoka mbali."

Kwetu mgeni hasalimiwi na mzigo begani. Unampokea kwanza, salamu baadaye. Nikanyoosha mikono.

Ulikuwa mzito. Na wa baridi...

Nikauweka begani, nikasema shikamoo.

Hakuna aliyeitikia.

Hapakuwa na mtu. Mkeka nao haukuwapo. Uzito ulibaki.

Asubuhi nilimkuta Hilari uani akipasua kuni kwa mkono wa kulia. Bega lake limenyooka. Aliponiona akainamia shoka.

"Ni mpagazi aliyefia njiani," alisema polepole. "Anayempokea kwenye mlango ule hubaki na mzigo mpaka mwingine aupokee. Mimi nilitegwa na baba yangu mzazi. Nina watoto wa kulisha, Raymundi."

Mkono wangu wa kulia ndio unaonilisha mimi. Tangu jioni ile haushiki kalamu. Nilimchukia, lakini shemeji ni mtu wa kuja. Nikaenda jikoni kwa dada.

"Ulijua?"

 Aliendelea kukoroga uji ambao ulikwisha kuiva.

Mama alipofariki, mgongo wa Eustadia ndio ulionibeba, kisimani, shambani, kanisani. Moyo uliniuma kuliko bega. Nikasogea, nikanong'ona kama nilivyonong'onezwa mimi.

"Dada, nipokee."

Eustadia alirudi nyuma hatua mbili, akaficha mikono ndani ya kanga.