Wimbo wa Jacktone wa Sori

Wewe msomaji umeucheza. Usigeuze uso. Umeucheza harusini Kendu Bay, mabega juu, na hujauliza hata siku moja kwa nini wimbo wa kumfuata mchumba una sauti ya mtu anayelia. Basi simama hapa Ndhiwa, kwenye hema la harusi ya Pamela. Muone Trizah akiingia na vumbi la safari miguuni, macho kwa mchumba wake Nashon aliyeshika maikrofoni.

Asubuhi Trizah alikuwa amemwandikia: "Nimekusikia redioni. Ati wimbo ni wa wazee wa zamani, hauna mwenyewe?"

Akajibiwa: "Babe, mtangazaji aliniuliza haraka. Tutaongea."

Wimbo aliutunga Trizah, kule Sori, akigeuza dagaa wa omena juani, wiki waliyomzika kaka yake Jacktone. Watu wa doria ya uvuvi walikuja na boti kumkamata na nyavu zake. Akaruka majini kuliko kufungwa pingu, akazama. Nashon alikaa kando ya Trizah akirekodi kwa simu. Alisema anataka kuitunza sauti yake. Akaitunza sauti, maneno akayatupa. Palipokuwa na Jacktone akaweka mvuvi anayevuka ziwa kwenda kuoa.

Sasa, kwa ngoma ya ohangla ya kwetu, ukitupa noti kwenye beseni ngoma inanyamaza, unajisifu utakavyo, na mwimbaji lazima aziitikie sifa zako. Hiyo ndiyo pakruok. Trizah akatupa noti. Ombui, mpiga ngoma, akainua mikono.

— Haya, nyar Sori, binti wa Sori, jisifu, — Nashon akasema akitabasamu. — Watu wamjue aliyeufunga moyo wangu.

— Mimi ni Trizah, dada yake Jacktone aliyechagua maji akakataa pingu. Huu wimbo mnaocheza ni kilio chake. Nilikitunga mimi. Nashon, itikia.

Nashon akaziba maikrofoni kwa kiganja, akainama.

— Tiza, usiniaibishe. Nani atacheza kilio?

— Miaka yote unakula kwa kuimba kwenye matanga ya watu. Leo ndiyo kilio kimekuwa kibaya?

Wanawake wa viti vya mbele wakacheka kwa pua.

— Huu wimbo utatujengea nyumba. Jacktone ameshakufa. Nyumba ni yetu sisi tulio hai.

— Alikuwa anakuita shemeji. Litaje jina lake.

Hakulitaja. Alimgeukia Ombui akamwamuru apige. Ombui akaweka vijiti chini, akasema beseni likishapokea, yeye hana mkono mpaka mwimbaji aitikie.

Ndipo Pamela, bibi harusi mwenyewe, akasimama na shela lake, akaanzisha polepole, kwa sauti ya wimbo ule ule: "Jacktone wa Sori…" Wanawake wakapokea, safu kwa safu, mpaka maikrofoni ya Nashon ikawa chuma tu.

Trizah alikuwa ameshafika barabarani simu ilipolia. "Nimekosea. Rudi. Kesho nitalitaja redioni."

Akaandika: "Litaje. Lakini siolewi na mtu aliyemzika kaka yangu mara ya pili."

Akaizima simu.

Nawe usiniachie machozi, hayana kazi. Redio yako ikiupiga leo, piga simu leo, uliza jina liko wapi. Na harusi ya Jumamosi hii, wimbo ukianza, tupa noti, simamisha ngoma, useme watu wasikie: Jacktone wa Sori, na aliyemlilia ni Trizah.