Sweta Juu ya Runinga ya Babu

Kila jioni nyumbani kwa kina Nkirote, kule Githongo, mambo yalifuata njia ile ile. Ng'ombe akishakamuliwa na chai kutiwa kwenye chupa, Nyanya Karambu alinawa mikono, akaketi, kisha akamsubiri Nkirote aondoe kitambaa cheupe kilichofunika runinga. Hakuna aliyeruhusiwa kubonyeza kitufe kabla kitambaa hakijakunjwa vizuri. Taarifa ya habari ikiisha, runinga ilizimwa na kuachwa ipoe, ndipo kitambaa kikarudishwa.

"Iacheni ipumue kwanza," Nyanya alisema kila siku, hata kama hakuna mtu aliyekuwa karibu na kitambaa.

Runinga yenyewe ilikuwa ya zamani, zile zenye kisogo kirefu nyuma, na uzito wake ulihitaji wanaume wawili wenye migongo mizima. Babu Mutembei aliinunua mwaka ambao kahawa ililipa vizuri, hata watu wakaezeka nyumba mabati mapya na kupeleka watoto shule za mbali. Siku hizo ilikuwa runinga ya pekee katika mteremko mzima. Jumamosi jioni majirani walikuja na viti vyao, watoto wakaketi sakafuni, na aliyechelewa alitazama kupitia dirishani huku akinyeshewa na manyunyu. Nyanya alipika chai ya sufuria kubwa, na hakuna aliyeondoka bila kunywa.

Baba yake Nkirote, Mzee Mutugi, alipenda sana kusimulia habari za siku hizo. Wakati huo alikuwa mvulana mdogo, na kazi yake ilikuwa kusimama nje akizungusha mlingoti wa antena.

"Watu walikuwa wanapiga kelele huko ndani, 'Geuza! Rudisha kidogo! Hapo hapo! Usiguse!'" alisema huku akicheka. "Basi mimi nasimama kwa baridi nimeshika mti. Nilisikia vipindi vingi sana. Kuviona ndiyo sikuviona."

Nkirote alicheka pia, lakini moyoni hakuipenda runinga hiyo hata kidogo. Alikuwa gredi ya sita, na rafiki yake Sheila alikuwa na runinga bapa kwao, pana na nyembamba, imetundikwa ukutani. Siku moja Sheila alikuja kuazima kitabu, akasimama mlangoni na kushika mdomo.

"Ai! Kumbe nyinyi bado mko na tivi ya kisogo?" aliuliza. "Hiyo si ni ya makumbusho?"

Nkirote aliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Jioni hiyo alimsihi baba yake anunue runinga ya kisasa. Mzee Mutugi hakukataa, ila alitoa sharti.

"Hii ikifa, tutanunua. Ikifa, mama. Kitu kizima hakitupwi."

Kuanzia hapo Nkirote alisubiri ife. Tatizo ni kwamba runinga hiyo haikuwa na haraka yoyote. Stima ilipopotea na kurudi kwa kishindo, runinga bapa ya jirani iliungua siku hiyo hiyo. Ya Babu ilipepesa picha kidogo, ikaendelea na habari za bei ya maziwa.

Kisha ukaja mwezi wa Julai. Kila anayeishi kwenye miteremko ya Mlima Kenya anaujua mwezi huo. Ukungu hushuka asubuhi na kukaa hadi saa sita, manyunyu hayakatiki, na nguo zikianikwa zinaweza kuvunda kwenye kamba bila kukauka. Mama yake Nkirote alifanya kazi Embu na kuja nyumbani mwisho wa mwezi, kwa hiyo Nkirote alijifulia sare mwenyewe. Alikuwa amegundua siri yake: kisogo cha runinga kilikuwa na joto tamu. Mara kadhaa alikuwa amekausha soksi pale, na hakuna aliyejua.

Jumapili moja jioni alikumbuka kwamba sweta yake ya shule ilikuwa na matope. Aliifua haraka, akaikamua kwa nguvu zake zote, ambazo hazikuwa nyingi. Nyanya alikuwa zizini na baba alikuwa bado hajarudi kutoka kanisani. Nkirote aliwasha runinga, akatandaza sweta juu ya kisogo, akaketi kutazama kipindi.

Sweta ya sufu huficha maji. Ilipopata joto, maji yalianza kuchuruzika polepole kuelekea kwenye vitundu vya kupitishia hewa. Nkirote hakuona. Mara alisikia kishindo, paa! Picha ikasinyaa, ikawa nukta moja katikati ya kioo, kisha nukta nayo ikatoweka. Harufu ya kitu kilichoungua ikajaa sebuleni.

Nkirote alichomoa waya ukutani, akanyakua sweta na kuisukuma chini ya kitanda chake. Aliporudi, Nyanya alikuwa mlangoni na ndoo ya maziwa mkononi.

"Ni nini hiyo imelia?"

"Sijui, Nyanya. Imezimika tu."

Baba alipofika alinusa, akabonyeza vitufe bila waya kuchomekwa, akatikisa kichwa kama mtu aliyetoka kuona mgonjwa. "Imeenda," alisema. "Lakini kusema kweli, imejitahidi. Kesho kutwa yule kijana wa kununua vyuma vikuukuu atapita. Tutampa. Nkirote, sasa utapata ile yako ya ukutani."

Habari hiyo ndiyo Nkirote aliyokuwa akiingoja mwaka mzima. Alijaribu kufurahi, akashindwa alipomtazama Nyanya. Alikuwa ameketi mbele ya kioo cheusi, kitambaa mapajani, akikunja na kukunjua.

"Babu yako na mimi tulikuwa tunaketi hapa kila jioni," hatimaye alisema kwa sauti ndogo. "Tangu atuache, nikisikia hii tivi inaongea, naona ni kama ameenda tu kufunga zizi. Atarudi saa hii hii." Akapangusa kioo kwa kiganja. "Mutugi, angalau mwite Gatwiri aiangalie. Akisema imekwisha, sitabisha."

Nkirote alienda kulala lakini usingizi haukuja upesi. Sweta ilikuwa chini yake, mbichi vile vile.

Gatwiri alikuwa fundi wa vyombo vya umeme pale sokoni Githongo. Alikuwa amesomea kazi hiyo chuoni, na wanaume waliomcheka alipofungua duka sasa walipanga foleni kwake. Alikuja Jumatatu jioni na mkoba wake wa vifaa, akasalimia, akakubali kikombe cha chai, kisha akaizunguka runinga taratibu.

"Hizi nazipenda," alisema. "Za siku hizi nyingine naletewa hata ile plastiki ya kioo haijabanduliwa. Haya, ilikuwaje?"

"Uzee," baba alijibu.

"Mimi nafikiri stima ilicheza," Nyanya alisema.

Gatwiri alimgeukia Nkirote. "Na wewe? Wanasema ulikuwa hapa."

"Ilizimika tu, Anti," Nkirote alijibu, macho yakiwa sakafuni.

"Basi kama ni uzee, hebu niichomeke kidogo nisikie inalilia wapi."

Gatwiri alichukua waya na kuuingiza ukutani. Kidole chake kikaelekea kwenye swichi. Nkirote alikitazama kile kidole. Akinyamaza, runinga ya Babu itaungua kabisa, naye atapata ya ukutani, na hakuna atakayejua milele. Akatazama na ule mkono mwingine wa Anti Gatwiri, uliokuwa umelala juu ya kisogo, pale pale maji yalipoingilia.

"Usiwashe!" alipiga kelele. "Anti, usiwashe! Kuna maji ndani! Ni mimi!"

Kila mtu alishtuka. Gatwiri alichomoa waya kwanza, ndipo akageuka. Nkirote alieleza yote huku akilia: sweta, soksi, kishindo, uongo aliomwambia Nyanya, na jinsi alivyotaka runinga ya ukutani. Alikimbia akaleta sweta yenyewe, ikinuka uvundo.

Mzee Mutugi alisimama kwa hasira. "Nkirote! Ungekufa hapa tukukute umekauka, kwa sababu ya sweta?"

"Ni kweli anavyosema baba yako," Gatwiri alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Maji na stima havicheki na mtu. Nguo mbichi haiwekwi juu ya chombo cha umeme, hata iwe soksi moja. Na ninyi nyote msijaribu kuifungua hii. Hata ikichomolewa inaweka stima ndani, na inaweza kukurusha mpaka jikoni. Mimi nina kifaa cha kuitoa." Kisha akavuta pumzi. "Lakini ungenyamaza, ningewasha ikiwa na maji, nayo ingeungua kabisa. Sasa tuna nafasi."

Alifanya kazi yake kwa uangalifu, na alipomaliza kuondoa umeme uliobaki alifungua kisogo. Ndani mlikuwa na vumbi la miaka mingi, nyuzi chache za sufu, na doa jeusi mahali pamoja. Alimwita Nkirote asogee, lakini asiguse.

"Tazama hiki kibao, kilivyo kinene. Vipande vimepangwa mbali mbali, kila kimoja kina nafasi ya kupumua. Hivi vyuma vipana ni vya kutoa joto. Na hivi vikopo vidogo tunaviita kapasita. Kwa tivi nyingi ninazoletewa, hivi ndivyo huvimba kwanza. Hapa hakuna hata kimoja kimevimba."

"Kwa hivyo za zamani ndizo nzuri kuliko za sasa?" Nkirote aliuliza, bado akivuta kamasi.

"Si hivyo. Za sasa zinakula stima kidogo, picha ni safi, na hazivunji mtu mgongo. Lakini nyingi zimebanwa ndani mpaka joto linakosa pa kwenda. Hii, aliyeitengeneza hakuwa na haraka." Gatwiri aliinama zaidi, akachukua koleo ndogo na kuvuta kitu kutoka pembeni. "Haya, na hii ni nini?"

Ilikuwa punje ya mahindi, ngumu kama jiwe. Nyanya aliitazama, kisha akaanza kucheka mpaka akashika mbavu.

"Hiyo ni githeri ya Mutugi!"

Mzee Mutugi alikohoa. Ghafla hasira yake yote ilikosa mahali pa kukaa.

"Baba yako alikuwa mdogo," Nyanya alimweleza Nkirote. "Aliona habari za watu wenye njaa mahali fulani. Akachukua githeri yake yote, mahindi na maharagwe, akawalisha kupitia vile vitundu, punje kwa punje."

"Nilidhani wako humo ndani," baba alisema polepole. "Walikuwa wamekonda sana."

Sasa hata Nkirote alicheka, machozi yakiwa bado mashavuni. Gatwiri aliondoka na kibao kile ili akikaushe, akisafishe na kubadilisha vipande vilivyoungua. Kesho yake kijana wa vyuma vikuukuu alipita akiita kwa sauti njiani. Nyanya alimpa sufuria iliyotoboka, akamwambia aende salama. Adhabu ya Nkirote haikusahaulika, kwani baba alimpa kazi ya kukatia ng'ombe majani kila Jumamosi mpaka shule zifunguliwe muhula ujao.

Jumatano jioni Gatwiri alirudi. Alirudisha kila kitu mahali pake, akafunga kisogo, akachomeka waya. Wote walishusha pumzi pamoja pale kioo kilipoanza kung'aa, kwanza kijivu, kisha rangi zikaja polepole kama zilivyozoea. Nyanya alifunika uso kwa mikono na kulia kidogo, bila kujificha. Baada ya muda alimwita Nkirote aketi karibu naye.

"Nyanya, nisamehe," Nkirote alisema. "Nilikudanganya."

"Nimekusamehe tangu siku ile ulipopiga kelele. Sasa nisikilize. Gatwiri anasema hii tivi ina vyuma vizuri, na mimi namwamini. Lakini vyuma vizuri vingefanya nini na githeri ya baba yako, kama angenyamaza? Jioni ile ile alikuja jikoni akaniambia, fundi akaitwa. Babu yako aliigonga mlangoni siku ya kwanza kabisa, akaniambia kabla sijamuuliza. Mimi niliimwagia chai mbele ya wageni. Hakuna mtu wa nyumba hii ambaye hajawahi kuiharibu. Imefika leo kwa sababu kila mmoja alisema, 'Ni mimi,' na fundi akajua pa kuanzia. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hata chombo ni hivyo."

"Ndiyo, Nyanya."

"Na utaharibu kitu tena, kwa maana una mikono. Siku hiyo usikimbie kuficha. Njoo uniambie, tukitengeneze pamoja."

Nkirote alimshika mkono, na taarifa ya habari ikaanza.