Mdogo Wangu Aliazima Dada Mwingine Siku ya Harusi Yake

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na tisa, sijaolewa, na naishi Endamarariek, wilayani Karatu, katika nyumba ileile waliyoiacha wazazi wangu. Siandiki ili mnionee huruma. Naandika kwa sababu jambo hili limenikaa kifuani mno, na huenda kuna kijana mahali fulani atalisoma kabla hajachelewa...

Baba alitangulia. Mama alimfuata nikiwa darasa la sita. Mimi ndiye mkubwa. Nyuma yangu alikuwepo Rebeka, na wa mwisho alikuwa Elia, ambaye wakati huo alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea.

Mama alituachia shamba la mahindi na mbaazi, ng'ombe mmoja, na desturi moja. Kwetu hakuna aliyegusa chakula kabla ya sala, na sala yenyewe ilikuwa na mpangilio. Mkubwa anaianza. Wa kati anashukuru kwa chakula. Mdogo wa mwisho ndiye anayeifunga. Asipoifunga, hakuna anayekula, hata ugali upoe. Mama alisema hivyo ndivyo mtoto mdogo atakavyojua kwamba Mungu anamsikiliza na yeye.

Siku zake za mwisho alinishika mkono akaniambia, "Paulina, usiwaache wadogo zako. Na hiyo sala isikatike."

Niliahidi. Mtoto wa darasa la sita, nilijua ninaahidi nini?

Shule niliacha. Msimu wa kahawa ulipofika nilikwenda kuchuma Oldeani kwenye mashamba makubwa, Elia mgongoni, Rebeka akinifuata na kikapu. Tulilala njaa mara nyingi, lakini siku tuliyopata chakula tulisali kwanza. Elia alipoanza kuongea vizuri, aliifunga sala kwa maneno yake mwenyewe: "Amina, na ng'ombe wetu pia!" Tulicheka! Hata alipokuwa mkubwa na ng'ombe yule ameshakufa, aliendelea kusema hivyohivyo.

Elia alikuwa na akili. Nililima, waumini wenzangu walinishika mkono, akasoma mpaka chuo cha utalii Arusha. Alirudi na nguo za kaki, darubini shingoni, Kiingereza kinatiririka. Akawa dereva wa kupeleka wageni kreta ya Ngorongoro. Jamani, nilivyojivuna! Gari lake likipita barabarani nilisimama shambani na jembe langu mpaka vumbi liishe.

Kisha mambo yakaanza kubadilika... polepole sana.

Kwanza aliacha ibada. Sikumlaumu. Wageni hawachagui siku, na si yeye peke yake. Kwaya yetu ilibaki bila sauti ya nne, ile nzito ya wanaume, kwa kuwa vijana wote wa sauti ile wako kreta Jumapili asubuhi. Lakini hata Jumapili ambazo hakuwa na safari, alikwenda kuangalia mpira. Nilipomuuliza, alicheka.

"Dada, dunia imesogea. Hao wazungu waliotuletea dini wenyewe wameshaiacha. Ninawabeba kila siku, hakuna anayesali."

"Mimi sikuipokea kwa wazungu," nilimwambia. "Niliipokea kwa mama."

Aliinama akafunga kamba za viatu. Nilidhani nimemgusa. Kumbe nilijidanganya!

Siku moja alikuja na habari kwamba kampuni yake inataka kuwapeleka wageni kwenye nyumba ya Wairaqw, watu wa kabila letu, wanaoishi kienyeji, ili wageni hao wale chakula na waone maisha. Angewaleta kwetu. Nilifurahi! Nilisaga mahindi, nikagandisha maziwa, nikavaa ile sketi ya ngozi yenye shanga aliyoiacha bibi. Sikuona aibu yoyote. Ni vazi la kwetu.

Lakini asubuhi ile Elia alifika mapema, akasimama mbele ya kitambaa cha ukutani ambacho mama alikidarizi msalaba kwa mkono wake. Akakitoa! Akakikunja, akakiweka chini ya godoro.

"Leo tusisali, dada. Wageni hawataki kuona mambo ya kanisa. Wakiuliza, nitawaambia tunaabudu jua na roho za kwenye chemchemi, kama mababu. Wewe tabasamu tu."

"Elia, mababu nawaheshimu. Ila mimi siwezi kuigiza kwamba Yesu simjui."

"Ni saa moja tu!"

Wageni walikuja. Walikuwa watu wema, walikaa kwenye vigoda, wakashangaa jiwe la kusagia. Chakula kilipowekwa, mama mmoja mzee miongoni mwao alinitazama akauliza kitu. Elia alitafsiri huku akinikazia macho: "Anauliza, kabla ya kula mnamwomba nani?"

Ningefanya nini, wasomaji? Ningemkana Mungu mbele ya chakula alichotupa?

"Yesu," nilisema.

Elia akatafsiri maneno mengine, marefu, huku akionyesha jua. Lakini jina lile halihitaji mkalimani. Yule mama mzee alirudia, "Yesu?" Akaguswa, akaweka mkono wake juu ya mkono wangu. Wenzake wakageuka kumtazama Elia, na nyuso zao hazikuwa na furaha. Walijua wamedanganywa.

Malalamiko yalifika ofisini, na ziara ile ikafutwa. Elia alikuja kuniambia akiwa amesimama mlangoni, hakutaka hata kukaa.

"Umeniharibia, dada. Neno moja tu, umeniharibia! Kaa na sala zako."

Akaondoka. Tukaanza kula wawili, mimi na Rebeka, sala ikiwa haijafungwa, mpaka Rebeka naye alipoolewa Kansay nikabaki peke yangu. Elia alihamia Arusha, akapata kampuni nyingine. Nilipiga simu, haikupokelewa. Nilituma salamu kwa watu, hazikurudi na jibu.

Mvua zikagoma, mahindi yakakauka. Nikapata kazi ya kufua na kupiga pasi kwenye loji moja karibu na barabara ya kwenda geti la Ngorongoro. Elia hakujua kama niko pale.

Jumamosi moja tuliambiwa kuna harusi bustanini. Nilipiga pasi vitambaa vyote vya meza, vyeupe, kimoja baada ya kingine, nikiwaombea maharusi nisiowajua, kama nilivyozoea. Alasiri nilipopeleka vya akiba, nikaona ubao wa maua wenye majina ya maharusi pale mlangoni.

Elia. Na jina la msichana nisiyemfahamu.

Nilijibanza nyuma ya ua wa michongoma, nikatazama. Ndoa ilifungwa kiserikali, na hakuna aliyesali, hata wakati wa chakula. Ukafika muda wa keki. Mshereheshaji akatangaza kwamba bwana harusi ni yatima, hivyo keki ya wazazi ataipokea dada yake mkubwa aliyemlea.

Wasomaji, nitawaambia ukweli. Nilianza kutoka kule nyuma ya ua. Nilidhani ameniona! Nilijifuta mikono kwenye aproni...

Akainuka mwanamke mwingine. Gauni la zambarau, nywele zimetengenezwa. Sijawahi kumwona maishani mwangu! Mdogo wangu, niliyembeba mgongoni Oldeani, akampigia magoti, akamlisha keki.

"Dada mtu huyo!" mshereheshaji akapaza sauti. "Jamani dada, mbona hujazeeka? Ulimlea ukiwa na miaka mitano?"

Watu wakacheka, vigelegele vikapigwa. Elia alipoinua uso, macho yetu yalikutana. Akayaangusha chini.

Nilirudi chumba cha kufulia. Mwenzangu wa kazi, Mama Zuhura, alinikuta sakafuni.

"Paulina! Nani amekufa?"

"Hakuna. Mdogo wangu anaoa."

Hakuuliza zaidi. Mama yule ni Mwislamu, anajua thamani ya sala. Alisema tu, "Mimi nasimama mlangoni. Wewe ongea na Mungu wako."

Baadaye Elia alikuja, suti imejaa jasho. Mama Zuhura alimpima kwa macho kabla ya kumpisha.

"Yule ni mke wa rafiki yangu," alisema. "Dada, nielewe. Wakwe zangu ni watu wa kisasa. Ungepewa kipaza sauti, ungeomba dua pale mbele. Ungeniaibisha."

"Ningeomba, ndiyo," nilisema. "Ningekuombea wewe."

Nilimnyooshea kola ya shati, maana ilikuwa imekunjika. Akaondoka.

Krismasi iliyopita Rebeka alikuja na watoto wake. Mchana tuliandaa pilau, tukaketi. Nilianza sala. Rebeka akashukuru kwa chakula. Kisha tukanyamaza kidogo, kama tunavyofanya siku zote tangu Elia aondoke. Ukimya ule tumemwachia yeye.

Tukasikia gari limesimama kule njiani, kwenye mikaratusi. Injini inanguruma. Rebeka akanishika goti. Hatukuinuka, tukabaki tumeinamisha vichwa... tunasubiri mlango ufunguke, tunasubiri mtu wa kusema, "na ng'ombe wetu pia".

Gari likaondoka.

Mtoto mdogo wa Rebeka aliuliza, "Mama mkubwa, nifunge mimi?" Nilimwambia hapana, mwanangu. Hiyo ina mwenyewe. Tukala bila amina.

Vijana wenzangu mnaosoma haya, kazi fanyeni, Kiingereza ongeeni, wageni wapelekeni wanakotaka. Lakini msimwonee aibu Mungu aliyewalisha mlipokuwa hamna kitu, wala mtu aliyewafundisha kumwita. Ukishaanza kuficha kitambaa ukutani, nakusihi, simama hapohapo! Kinachofuata kufichwa ni ndugu yako.

Na wewe uliyebaki peke yako na imani yako nyumbani, ambaye wanakuita mshamba... usiikane, na usifunge mlango. Elia, kama umeisoma hii, sitaki keki. Kitambaa cha mama kiko ukutani palepale. Njoo uifunge sala, tule.