Uongo wa Sehemu ya Kumi na Nne

Foleni ya ofisi ya maji ilikuwa imejikunja mara mbili ndani ya ukumbi, na kila aliyekuwemo alikuwa amekasirika. Watu walikumbatia mita mbovu vifuani kama watoto wachanga. Feni ya dari ilizunguka bila kumpepea mtu. Katikati ya msongamano huo alisimama dada mmoja aliyevaa gauni la bluu la mkanda na viatu vya kisigino ambavyo alishavijutia tangu mlangoni.

Mchana alikuwa mpima macho katika duka la miwani. Lakini watu wengi walimjua kama Hakimu, kwa sababu kila Jumapili alirekodi sauti kwenye simu yake akizihukumu tamthilia za Kikorea, za Kichina na za Kithai, na hukumu zake hazikuwa na huruma. Watu walizisambaza kwenye makundi yao, wakazicheka, wakagombana kwa ajili yake.

"Samahani dada, huu ndio mstari wa mita?" mtu aliuliza nyuma yake.

Hakimu alisisimka mgongo, na haikuwa raha. Sauti ile aliijua. Aligeuka, akamkuta kijana mrefu mwenye shati jeupe lililokunjwa mikono, ndevu zimechongwa vizuri, anatabasamu.

"Sema tena."

"Nimeuliza kama huu ndio mstari..."

"Ni wewe! Wewe ndiye unayewatilia sauti wanaume wote kwenye tamthilia. Mfalme wewe, daktari wewe, mrithi wa kampuni wewe, mzimu wewe."

Kijana akapanua tabasamu. Alishazoea kujulikana kwa njia hiyo. "Mashabiki wananiita Sauti."

"Mimi si shabiki. Yule mfalme wa Kichina alipoletewa habari za kifo cha mama yake, alinyamaza. Mdomo umefungwa, tunauona! Wewe ukamwingizia maneno: 'Ee mama, umeniachia nani?' Nani alikutuma?"

"Watu wanasikiliza huku wanapika, dada. Ningenyamaza wangedhani televisheni imekufa."

"Basi waache kupika."

Foleni ikacheka. Baba mmoja mwenye mita begani akasema, "Sogea mbele basi, mama, mfalme atakusubiri." Hakimu akasogea, lakini Sauti alikuwa ameganda, kidole hewani.

"Ngoja. Wewe ni Hakimu. Wewe ndiye uliyesema nikizungumza ni kama mtu anayetafuna karanga ndani ya ndoo."

"Ndoo tupu. Kama unanukuu, nukuu vizuri."

Walitukanana hadi dirishani. Walipomaliza shida zao, Sauti akamfuata nje kwenye jua kali na kumwambia, "Nipe namba yako. Nataka nikutukane kwa nafasi, nikiwa nimekaa."

Akampa.

Ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, kwa matusi ya simu kila jioni. Sauti alimpigia akitoka studio, na Hakimu alipokea kabla mlio haujaisha, kisha akajifanya alikuwa na shughuli.

"Enhe, mheshimiwa, leo umemhukumu nani?"

"Yule bosi wako wa hoteli. Kamshika msichana mkono, kamvuta mbele ya watu wote. Hayo si mapenzi. Huyo ni polisi."

"Wenzako wanasema ni mahaba."

"Wenzangu wana matatizo. Na yule mwanaume wa pili je? Ndiye anayempikia, ndiye anayempeleka hospitali, ndiye anayemsikiliza. Halafu anachaguliwa mwenye dharau kwa sababu ana nywele nzuri. Wanatufundisha kupenda dharau, na wewe unaipamba kwa hiyo sauti yako ya asali iliyooza."

"Kumbe asali."

"Nimesema iliyooza!"

Siku za Jumamosi Sauti alianza kuja nyumbani kwa shangazi yake Hakimu, ambako Hakimu alikuwa anaishi. Shangazi alimpenda kijana tangu alipofungua mdomo mlangoni. Walikaa wawili kwenye kochi wakatazama tamthilia kwa lugha yake ya asili, Hakimu akisoma maandishi ya chini, Sauti akihangaika kwa kukosa la kusema. Jioni moja aligeuza kiganja chake juu ya goti. "Naomba mkono wako. Nimeomba, usije ukaniita polisi." Hakimu akampa mkono na kuendelea kutazama mbele. Picha ya siku hiyo hakuikumbuka tena.

Kitu kimoja tu hawakukubaliana hata kwa utani. Hakimu alikiita uongo wa sehemu ya kumi na nne. Tamthilia ikiwa na sehemu kumi na sita, alisema, ikifika ya kumi na nne mwanaume anaumwa au anatishwa, basi anamdanganya mpenzi wake kwamba hampendi tena, ati kwa faida yake.

"Anajitoa mhanga," Sauti alimtetea.

"Anajitoa wapi? Anamfanya mwenzake mtoto. Anakaa peke yake na kuamua machozi ya watu wawili. Ukinifanyia hivyo, laazizi, sitakulilia. Nitakufuata nikuharibie sura."

"Umeniita laazizi."

"Umesikia hilo tu?"

Miezi ikapita. Halafu simu za jioni zikaanza kufupika. Sauti akasema amechoka, akasema ana mafua, akasema studio imebana. Jumamosi mbili hakuonekana. Ya tatu, mchana, Hakimu akiwa dukani ameshika kitambaa cha kufutia vioo, simu ikaita.

"Nimepata mtu mwingine," Sauti alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama mtu aliyefunika mdomo. "Usinitafute. Unastahili mtu bora kuliko mimi."

Mteja alikuwa kwenye kiti, kidevu juu ya mashine, akisubiri kusoma herufi.

"Haya," alisema Hakimu, akakata. Akampima mteja macho yote mawili bila kukosea. Kisha akaenda chooni, akafungua bomba lote na kulia chini ya kelele za maji.

Jumapili hiyo alirekodi hukumu kali kuliko zote. Hakuhukumu tamthilia, alimhukumu mtu. Alisema sauti ile ni ya mwanaume asiye na kitu ndani, ndiyo maana inajaza kila kimya. Watu walifurahi mno. Walimtukana Sauti kuanzia asubuhi hadi jioni, wengine wakamwombea laana, na Hakimu alisoma yote huku amelala kifudifudi, akingoja afueni ambayo haikuja. Sauti hakujibu hata neno.

Baada ya muda ikaanza tamthilia mpya ya Kikorea. Hakimu aliketi kwenye kochi na nia mbaya kabisa, tayari kuokota makosa. Lakini shujaa alipofungua mdomo, alisema kwa sauti ya mtu mwingine. Alimsubiri Sauti mpaka karibu na mwisho. Ndipo akamsikia, kwa mzee mmoja wa sokoni mwenye maneno machache. Neno la mwisho likakatika katikati, likamaliziwa kwa pumzi.

Hakimu akarudisha nyuma. Akasikiliza tena.

"Huyo mzee anaumwa nini?" shangazi akauliza kutoka jikoni.

"Haumwi, shangazi," Hakimu alijibu polepole. Kwenye kioo, mzee alikuwa anacheka kwa meno yote.

Alirudisha mara nyingine, macho amefumba. Halafu maneno ya ile simu ya dukani yakamrudia, unastahili mtu bora kuliko mimi, na safari hii aliyatambua. Yalikuwa maneno ya yule bosi wa hoteli. Sauti alikuwa ameyatamka mwenyewe studio, kwenye sehemu ya kumi na nne.

"Mshenzi!" akasema, akainuka na kupiga simu kwa dada yake Sauti, mwalimu wa chekechea ambaye siku zote alimkaribisha vizuri.

"Wifi yangu..."

"Usiniite wifi. Yuko wapi?"

"Ameniapisha nisiseme."

"Mimi sikukuapisha. Yuko wapi?"

Dada alianza kulia, na katikati ya kilio akasema yote. Ni uvimbe kooni. Yuko hospitali. Anapasuliwa kesho.

Hakimu aliingia wodini saa ya kuona wagonjwa, gauni jekundu, midomo myekundu, hana ua wala mfuko wa matunda. Sauti alikuwa ameketi kitandani na nguo ya hospitali yenye mistari, amekonda shingo. Alipomwona, alivuta shuka kama mtu aliyekutwa anaiba.

"Yuko wapi huyo mwanamke?" Hakimu aliuliza. "Nimekuja kumsalimia."

"Hayupo." Neno lilitoka likikwaruza.

"Amekwenda dukani?"

"Hajawahi kuwepo. Punguza sauti, watu wanaumwa."

"Na wewe unaumwa, mbona ulikuwa na nguvu za kunidanganya? Nilikwambia nini kuhusu jambo hili? Umenifanyia kile kile, tena kwa maneno ya kuazima! Hata kuniacha umeshindwa kuniacha kwa maneno yako!"

Mgonjwa wa kitanda cha pili alizima redio yake ili asikie vizuri.

"Daktari anasema sauti inaweza isirudi," alisema Sauti. Alikuwa anatazama mikono yake. "Mimi ni sauti tu, unajua hivyo. Bila sauti nabaki nani? Ulinipenda kwa hiyo sauti. Sikutaka uone ikiisha, halafu ukae kwa huruma."

Hakimu akacheka, kicheko kibaya kisicho na furaha hata kidogo.

"Mji mzima huu, mtu asiyeipenda sauti yako ni mimi peke yangu. Niliichukia kabla sijakujua. Nilikupenda baada ya kuizoea, kama mtu anavyozoea jirani mwenye jenereta. Na wewe katika watu wote ukaniogopa mimi!"

Sauti alifumba macho. Machozi yalimshuka mpaka kwenye kola ya nguo ya hospitali. "Basi nisamehe."

"Sikusamehe."

"Kesho napasuliwa."

"Ndiyo maana sikusamehe. Kwenye tamthilia zako mtu akilazwa tu, makosa yote yanafutwa. Mimi sifuti. Pona kwanza. Siwezi kugombana na mgonjwa, na nina ugomvi mkubwa na wewe."

Alitoka bila kumgusa. Alipofika kwenye ngazi aliketi hapo hapo, watu wakimruka.

Upasuaji ulikwenda vizuri, na uvimbe haukuwa wa aina waliyoiogopa. Lakini Sauti aliamriwa asitamke neno kwa wiki kadhaa. Hakimu hakwenda kumwona. Alimpigia dada yake Sauti kila alipopata nafasi, akauliza kwa ukali kama amekula, kama amelala, kama anajifanya hodari na kunong'ona kwa siri, kisha akakata bila kuaga. Zile hukumu za Jumapili alizisimamisha. Ile ya mwisho aliifuta kimya kimya.

"Una roho ngumu wewe," shangazi alimwambia.

"Nina hasira, shangazi. Roho ninayo."

Sauti alikuja mwenyewe. Ilikuwa asubuhi, duka limefunguliwa tu, mwenye duka anafuta kabati za vioo. Alivaa shati la rangi ya majani, limempwaya mabegani. Alisimama mbele ya meza ya Hakimu.

"Nimepona," alisema. "Nimekuja tugombane."

Sauti ile ilikuwa nyingine kabisa. Ilikuwa nyembamba, yenye mikwaruzo, kama mlango mzee. Hakuna mfalme wala mrithi wa kampuni angepewa sauti hiyo tena, na wote wawili walilijua hilo kabla hajamaliza kusema. Hakimu alishusha kalamu.

"Ulininyima nafasi ya kuogopa na wewe," alisema. Alikuwa amejiandaa kupiga kelele, lakini kelele hazikutoka. "Nimekaa siku zote hizo nikidhani kuna mwanamke anayekuchekesha. Nilimtengenezea hadi sura. Kumbe ulikuwa peke yako kwenye benchi la daktari. Hiyo siwezi kuivumilia. Bora ungekuwa naye."

"Nilikosea."

"Sana."

"Nilikosea sana. Na wewe pia." Alimeza mate kwa shida. "Ulinirushia watu. Nilikuwa nasoma kule hospitalini. Kuna mmoja aliniombea sauti ikauke. Siku hiyo hiyo daktari alikuwa ameniambia inaweza kukauka."

Mwenye duka aliacha kufuta. Hakimu alihisi uso unamwaka.

"Nimeifuta."

"Kufuta si kusema."

Hakimu alitazama vioo, akatazama ukuta wa herufi, akakosa pa kujificha. "Samahani," alisema. "Niliumia nikataka uumie zaidi. Haya, nimesema. Usinifanye nirudie."

"Sijasikia vizuri."

"Koo ndilo lililopasuliwa, masikio unayo!"

Sauti akacheka, kicheko kikamkwama na kugeuka kikohozi. Hakimu alikuwa ameshazunguka meza na glasi ya maji kabla hajajua anafanya nini. Alimshikia mpaka akamaliza.

"Nataka kukuoa," Sauti akasema, maji bado kwenye ndevu. "Sina kazi ya kueleweka. Studio wananifikiria kwenye kutafsiri, hawajaamua. Sauti ndiyo hii. Nakwambia yote mapema ili usije ukasema sikukwambia."

"Na ukiumwa tena?"

"Utajua siku hiyo hiyo. Ukitaka kukimbia, utakimbia mwenyewe."

Hakimu alimtazama muda mrefu, kama anavyomtazama mteja anayebahatisha herufi. Kisha akachukua kitambaa cha vioo na kumfuta ndevu, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Nimekubali," alisema. "Lakini bado nimekasirika."

"Mpaka lini?"

"Utaambiwa."