Breki za Severina

Soko la Singida mjini siku ya Jumamosi halina adabu. Mtu anakukanyaga, kisha anakuuliza mbona umesimama njiani. Katika msongamano huo, kwenye kibanda cha fundi baiskeli, Nathan alishika pea ya mwisho ya raba za breki, na mkono wa msichana ukazishika upande wa pili.

"Kaka, mimi nimefika kabla yako."

"Umefika, dada, lakini hukuzigusa. Nimezigusa mimi."

"Kwa hiyo humu sokoni kila unachokigusa ni chako?"

"Siyo kila kitu. Naanza na hizi."

Msichana alicheka, na hapo ndipo Nathan alipokwisha. Alikuwa amevaa sketi ndefu ya rangi ya machungwa na jezi ya mpira iliyompwaya, nywele amezifunga kitambaa, vumbi la mtaa wa Mandewa limempanda hadi kwenye vifundo vya miguu. Jina lake Severina. Nathan aliondoka na raba na namba ya simu. Severina aliondoka na breki zake zilezile kuukuu, akitabasamu kama aliyeshinda.

Wote wawili walikuwa na miaka kumi na tisa, wamemaliza kidato cha sita, wanasubiri matokeo na kuwachosha wazazi wao. Simu zikaanza.

"Umelala, mpenzi?"

"Nimelala. Hapa unaongea na mto."

"Uambie mto nimemkumbuka mwenye mto."

"Mto unasema ukalale, Nathan. Kesho nafua nguo za nyumba nzima."

Basi, mapenzi yangeendelea hivyo kwa raha zao kama si Hezekia, rafiki wa Nathan, kijana aliyetazama video nyingi za watu wanaoshuka milima kwa baiskeli. Alikuja na mpango: wapakie baiskeli kwenye basi hadi Manyoni, halafu washuke bonde kwa njia ya zamani ya vumbi hadi Kintinku, kwa shangazi yake. Severina aliomba ruhusa kwa baba yake, akapewa kwa shingo upande, na rafiki yake Loyce akaongezwa ili msafara uonekane wa heshima.

"Ni kushuka tu," Hezekia alisema. "Hata kukanyaga pedali hukanyagi."

Wasemao hivyo huwa hawajafikiria habari ya kurudi.

Kabla hata ya kufika kwenye mteremko walikuwa hoi. Upepo wa Juni uliwapiga usoni tangu asubuhi. Walipotea njia, wakatokea kwenye zizi la ng'ombe, wakakaribishwa na mbwa. Miiba ilimtoboa Loyce gurudumu mara mbili. Maji yakaisha. Loyce na Hezekia wakaenda kutafuta mengine kwenye nyumba za jirani, wakigombana njia nzima, na Severina akajilaza chini ya mgunga, mfuko ameuweka chini ya kichwa, usingizi ukamchukua papo hapo.

Nathan alibaki anaziba pancha. Alipomaliza, macho yake yakaenda kwenye breki za Severina. Raba zilikuwa zimelika hadi chuma. Akatazama mteremko, akamtazama msichana aliyelala mdomo wazi, na moyo ukamwuma kwa mapenzi na hofu. Akachukua spana. Raba zake mpya akazifunga kwenye baiskeli ya Severina, zile kuukuu akazifunga kwenye yake. Hakumwamsha wala hakumwambia baadaye. Severina alikuwa msichana wa kukataa hata kubebewa mfuko.

Wenzao waliporudi na maji, wakashuka. Severina alitangulia, sketi ameikunja juu ya suruali, anapiga kelele za furaha. Kwenye kona mbuzi wakakatiza. Akafunga breki kama alivyozoea kufunga breki zake kuukuu, kwa nguvu zote za mikono miwili. Lakini hizi zilikuwa mpya. Baiskeli ilisimama palepale, Severina hakusimama. Alipaa juu ya usukani, akaangukia bega.

Nathan alikuwa nyuma yake. Alibana breki, zikalia chuma kwa chuma, baiskeli ikazidi kukimbia. Severina alimnyooshea mkono kutoka mavumbini. Wakatazamana. Nathan akampita.

Alikuja kusimama chini kabisa, kwenye mchanga wa korongo, kwa kuanguka. Viatu vilikuwa vimechanika kwa kuburuzwa. Akapanda kilima kwa miguu, anachechemea, na alipofika Loyce na Hezekia walikuwa wameshamfunga Severina mkono kwa kanga.

"Umeshika namba moja?" Severina aliuliza. "Hongera."

"Seve, samahani."

"Uliniona?"

"Nilikuona."

"Basi, mimi na wewe tumeishia hapa."

Angeweza kusema palepale. Lakini angelazimika kusema breki zake zilikuwa wapi, na kumbe breki hizo ndizo zilizomrusha mpenzi wake. Akainama kuokota baiskeli ya Severina. Wakateremka hadi Kintinku wanakokota baiskeli, hakuna aliyekuwa na nguvu hata ya kununa vizuri. Zahanatini wakasema ni mtulinga, ule mfupa kati ya shingo na bega, umepata ufa.

Waliporudi Singida, Severina hakupokea simu tena. Nathan alipiga hadi Loyce akamwonea huruma, akaenda kumwekea rafiki yake simu sikioni.

"Sema," sauti ya Severina ilikuwa imechoka. "Lakini sema kitu, Nathan. Usinipe samahani nyingine."

Akasema yote: mgunga, spana, raba, chuma kwa chuma. Upande wa pili mtoto wa jirani akasikika analia.

"Upo?"

"Nipo. Kwa hiyo ulikuwa huna breki."

"Sikuwa nazo."

"Na mimi nimelala hapa siku zote hizi, nawaza kwamba nampenda mtu anayeweza kuniruka kama jiwe." Akavuta pumzi. "Kwa nini hukuniamsha?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo! Au ningekubali, nikajua nimebeba nini. Baba anasema nilimdanganya kwamba najua kuendesha, kumbe sijui. Amenikataza baiskeli, amenikataza kutoka na ninyi. Nami nikaanza kuamini. Nikajiuliza mbona breki nilizozizoea zimenifanya hivi."

"Nifanye nini, mpenzi?"

"Njoo umwambie baba. Usipokuja, usinipigie tena. Sina nguvu za kukukasirikia kila siku."

Alikwenda jioni hiyohiyo, shati limepigwa pasi, goti limevimba. Mzee Simeoni, fundi mwashi, alikuwa kwenye benchi nje, ametoka kazini, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyempita mwanangu amelala chini?"

"Ndiyo, mzee. Sikuwa na breki. Zangu nilimfungia yeye bila kumwambia, na ndizo zilizomwangusha. Severina anajua kuendesha. Kosa ni langu mimi."

Mzee alisogeza beseni, akamtazama.

"Ulitaka kumwokoa au kumzika?"

"Kumwokoa, mzee."

"Basi siku nyingine uliza njia." Akatoa mguu mmoja kwenye maji, akaguna. "Na mimi nimemlaumu mtoto bure. Sasa inabidi nimwombe radhi, na kuomba radhi kunanichosha kuliko kupanga tofali. Severina! Njoo, una mgeni. Na mimi nisamehe, mama."

Akachukua beseni lake, akaingia ndani polepole.

Severina alitoka, mkono umefungwa kifuani, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Akaketi mwisho mmoja wa benchi, Nathan akaketi mwisho wa pili. Upepo ulipita katikati yao.

"Nathan."

"Naam."

"Siku nyingine ukiwa na kitu cha kunipa, nipe nikiwa macho. Nikione, niseme ndiyo au hapana."

Nathan aligeuza kichwa. Dirisha la mzee lilikuwa wazi, na aliona kabisa kwamba pazia halitikisiki, kama mtu amelishika.

"Nakupenda, Severina," alisema, kwa sauti ya kufika hadi ndani.

Severina aliegemeza kichwa ukutani, akafumba macho, halafu akayafumbua makusudi.

"Hicho nimekiona," alisema. "Ndiyo."