Kiti cha Kushoto

Jua lilikuwa linazama nyuma ya kilima cheusi cha taka za kiwanda mama aliponipa mfuko mtupu na kuniambia niende na baba kule mtaa wa Kenya, kwenye mashine ya kusaga, tulete unga.

Unga tulikuwa nao. Debe zima. Nilikuwa mkubwa wa kutosha kutambua debe lililojaa.

"Enda tu, Agnès," mama alinong'ona. "Uangalie ni nani anaikalaka pa ile kiti."

Habari ya kiti ni hii. Mwaka ule wa 1955 baba yangu Godefroid, mshonaji wa suti pale Katuba, aliamua kununua motokari ya mbio. Viti viwili, haina paa. Kwa nini mshonaji ahitaji motokari ya mbio katika mtaa wenye mashimo mengi kuliko njia, usiniulize. Baba alikula kwa uma, na aliamini kwamba mtu anayekula kwa uma harogwi.

Ilikuwepo moja hapa hapa mjini, nyekundu. Mwenyewe, injinia Mbelgiji, alikufa kwa malaria kitandani mwake, na mjane alikuwa anaiuza.

"Tununue ile," mama alisema. "Mufu wake tunamujua jina."

Kwao mama, upande wa Sakania, mpakani, hukalii kiti cha marehemu hivi hivi. Unamwita kwa jina, unamwaga maji chini, unamwambia nani anakuja mahali pake. Halafu watu wanamsalimia yule anayeingia kwa jina la aliyetoka. Akiitika, basi. Jina ni lake, na vyote vya jina. Nyumba. Mke. Watoto.

"Delphine, ni motokari, haiko kaburi," baba alicheka. "Na kintu ya mufu sitaki. Nitaleta ya inje. Ya inje haina mambo."

Aliagiza Ndola, ng'ambo ya mpaka, kupitia kwa binamu yake Chileshe wa reli. Ilikuja juu ya behewa, ya kijani, imekwisha kutumika lakini inang'aa kama kiatu cha padri. Na kwa kuwa ilitoka kwa Waingereza, usukani ulikuwa kulia. Kwetu, kwa Wabelgiji, motokari zote usukani ni kushoto. Hivyo baba aliendesha akiwa mahali pa abiria, na kushoto, pale ambapo mji mzima umezoea kumwona dereva, kulikuwa na kiti kitupu.

Kitupu... ndivyo alivyosema.

Jumapili moja, baada ya misa, jirani yetu Mama Ngosa alimshika mama mkono.

"Eh, Mama Agnès! Kumbe unaendeshaka motokari! Tulikuona jana pa posta, na kitambaa mweupe pa kichwa. Tulikuita, ukajibu 'mukwai', na adabu yote. Na bwana yako iko anaikala tu pembeni, sawa mugeni!"

Mama hakuwahi kuipanda ile motokari.

Wakaendelea. Muuza mikate, mwalimu wa katekisimu, wote. Kila jioni motokari ikipita walipaza sauti, "Mama Agnès, bonjour!" na yule wa kushoto aliitika. Mama alifikiri ni hawara. Baba aliapa kwa Bikira Maria. Mama akamwambia amwache Bikira, amtaje mwanamke.

Ndiyo maana ya mfuko mtupu.

Nilipanda. Nilikaa.

Kiti kilikuwa na joto.

Halikuwa joto la jua. Lilikuwa joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Baadaye nilisoma mpaka chuo kikuu, na huko hakuna aliyenieleza joto la namna ile. Na harufu... mafuta ya nywele, petroli, majani mabichi yaliyopondwa.

"Papa, nani alikuwa anaikala hapa?"

"Hakuna muntu. Na weye unaanza?"

Tukaondoka. Kwenye njia panda polisi alipiga saluti. Hakumtazama baba. Alitazama upande wangu, juu kidogo ya kichwa changu.

Hapo nikasikia pumzi. Polepole. Kwenye kisogo changu.

Sikuwa nimekaa juu ya kiti.

Nilikuwa nimekaa juu ya magoti ya mtu.

Mbuzi akakatiza barabara. Baba akakanyaga breki kwa nguvu zote. Ningetoka kupitia kioo, ningefia pale. Lakini mkono ulinizunguka tumbo. Ukanivuta nyuma. Ukanibana, jinsi mama anavyombana mtoto wake.

"Mwana wandi," sauti ilininong'oneza. Mtoto wangu. Kibemba, kama cha mama.

Mikono yote miwili ya baba ilikuwa kwenye usukani.

Hatukufika Kenya.

Chileshe alikuwa akilala kwetu juma lile. Nilipomaliza kusimulia, mama alimgeukia yeye, si baba.

"Shemeji. Ile motokari ilitoka wapi?"

Chileshe aliangalia viatu vyake.

"Ilipinduka. Njia ya Mufulira. Muzungu mwenye nayo alitoka muzima. Alisema alikuwa peke yake."

"Na alikuwa peke yake?"

"Bantu ba mugini banasema kulikuwa mwanamuke, upande wa kushoto. Lakini muzungu alisema peke yake... Bakamuzika kule kule, haraka."

"Jina yake nani?"

"Ah, shemeji. Nani ataandika jina ya muntu mwenye hakukuwako?"

Baba aliweka uma chini.

Mama alichota maji kwa kikombe, akatoka uani. Nilimfuata. Mwanga ulikuwa bado kidogo, wa zambarau. Alimwaga maji kando ya mlango wa kushoto, akasema kwa Kibemba, taratibu:

"Mama, hatukujua. Walikuacha bila kilio. Sisi tutakulilia. Tuambie jina lako tu, tukuite, uende."

Injini iliyokuwa inapoa ikalia, tik... tik...

Springi za kiti zikalia pia. Kama mtu anayeinama mbele ili asikike vizuri.

Sauti ilikuwa ya upole. Karibu ya furaha.

"Mama Agnès."

Kikombe kilianguka.

Mama alielewa kabla yangu. Hatukuwa na jina la kumrudishia. Mtaa mzima ulikuwa umekwisha kumpa la mama. Walimwita mbele ya watu, naye akaitika.

Baba alirudisha motokari mpakani, Sakania, asubuhi iliyofuata, na aliyeichukua huko hatukumuuliza jina. Mama alitangaza Katuba nzima: "Kuanzia leo muniite Delphine." Mwanamke wa ndoa kuitwa hivyo, kavu, kama msichana wa baa! Walicheka sana. Ukimwita Mama Agnès, hakugeuza shingo.

Hata mimi alinikataza kumwita mama. Nilimwita Delphine mpaka tulipomzika.

Siku ile alikuja padri mgeni. Hakuna aliyekumbuka kumwonya. Alisimama kando ya kaburi, akainua mkono, akasema kwa sauti kubwa:

"Kwaheri, Mama Agnès."

Kushoto kwangu, karibu kabisa, mtu akaitika, na adabu yote:

"Mukwai."